Kihisi joto cha jiko la moshi: kukisafisha, kukipima, na kujua kama kimekufa

Mbanikaji wa Uyole (mwuliza swali)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninabanika nyama ya nguruwe na kuku kwa moshi hapa Uyole, Mbeya, kwa jiko ambalo fundi wa kuchomelea alinitengenezea kutokana na pipa la lita 200. Chini kuna kikapu cha mkaa, juu kuna wavu wa nyama, na pembeni nimefunga kisanduku kinachoendesha feni ndogo ya kupuliza moto. Kisanduku hicho kina vihisi joto viwili, yaani zile sindano za chuma ambazo mafundi wengi huziita sensa: kimoja hukaa juu ya wavu kupima joto la jiko, na kingine huchomekwa ndani ya nyama.

Kwa miezi mitano ya mwanzo kila kitu kilikwenda sawasawa. Baada ya hapo kihisi cha jiko kilianza kuwa kizito. Moto unakuwa umeshapanda, na ukisogeza mkono kwenye mfuniko unalisikia joto lenyewe, lakini namba inapanda kwa kusitasita na feni inaendelea kupuliza, kiasi kwamba namba inapofika 110 niliyoiweka, jiko limeshapitiliza hadi 130 na nyama imeanza kukauka pembeni. Nilipokitoa nikakikuta kimevaa gamba jeusi linalong'aa kama lami, gumu, ambalo ukucha haulitoi.

Nilifanya mambo mawili, na yote mawili naona yameniharibia kazi. Kwanza niliviloweka vihisi vyote viwili pamoja na nyaya zake kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni, vikalala humo usiku kucha, asubuhi nikavisugua kwa stiliwaya. Gamba lilipungua, lakini tangu asubuhi ile kihisi cha nyama kinaonyesha HHH tu, hakitoi namba. Pili, kihisi cha jiko nilikitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota nikapata 94. Kwa kuwa shuleni nilifundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii 100, niliingia kwenye mipangilio ya kisanduku nikaongeza digrii 6.

Kwa sababu kile cha nyama kilikuwa kimekufa, nilikihamishia hiki kingine kwenye nyama. Jumamosi nikapeleka mapaja ya kuku kwa mteja baada ya namba kufika 75, na mteja akayarudisha yote, kwani karibu na mfupa nyama ilikuwa bado na maji mekundu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, maana chakula ninachouza kinaliwa na watoto wa watu.

Naomba mwenye ujuzi anieleze: gamba hilo linatolewaje bila kukiua kihisi? Kile chenye HHH kinaweza kufufuka? Na hiki kilichosoma 94, je, nikitupe?

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Pole sana, ndugu yangu. Naomba nianze na hiyo 94, kwa sababu ndiyo iliyokuletea hatari, na ingekuletea hatari hata kama vihisi vyako vingekuwa vipya kabisa.

Maji huchemka kwa digrii 100 penye usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inayoyakandamiza maji hupungua uzito, nayo maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Kwa hesabu ya haraka ya kazini, toa digrii 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Uyole iko karibu na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yako yanatokota kwenye digrii 94, na kihisi chako kilikuwa kinakuambia ukweli mtupu. Ukishuka nacho hadi Kyela, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa ambako mwinuko ni mita 500 hivi, kihisi kilekile kitasoma 98 na kitu. Ukikipandisha Njombe, karibu na mita 2,000, kitasoma 93 na kitu. Ni sababu ileile inayofanya maharage ya kwetu huku yale kuni nyingi kuliko maharage ya pwani.

Sasa tazama kilichotokea ulipoongeza 6. Kuku aliyeonyesha 75 alikuwa na 69 ndani yake, na kuku anapaswa kufika 74 sehemu iliyo nene zaidi, karibu na mfupa lakini bila ncha kuugusa mfupa wenyewe. Kwa nguruwe, kiwango kinachotolewa na idara ya kilimo ya Marekani ni 63 kwa mnofu mzima, ukifuatiwa na mapumziko ya dakika 3 kabla ya kukata, na 71 kwa nyama ya kusaga. Mimi binafsi, kwa nguruwe wa nyanda zetu hizi, ambako tegu bado ni tatizo katika mifugo inayoachwa izurure, ningefikisha 71 hata kwa mnofu, na ningenunua tu nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Kipimajoto hakichukui nafasi ya mkaguzi wa nyama.

Ondoa marekebisho yote uliyoweka, urudishe sifuri. Halafu pima kwa barafu badala ya maji ya moto, kwa sababu barafu inayoyeyuka ina digrii 0 Kyela, ina digrii 0 Uyole na ina digrii 0 Makete; mwinuko hauigusi kwa kiasi cha kukusumbua. Jinsi ya kupima ndipo watu wengi wanapokosea. Chukua barafu ya maji matupu, wala si zile barafu za watoto zenye sukari, na wala si barafu iliyotoka kwenye kasha la samaki, kwa kuwa sukari na chumvi huishusha chini ya sifuri. Ifunge kwenye kitambaa safi uiponde kwa mchi mpaka iwe kama punje za mahindi, kisha ijaze kikombe hadi juu. Ongeza maji ya baridi ya kujaza mapengo tu. Ukiona barafu inaelea juu na chini kuna maji matupu, umezidisha maji, yamwage. Koroga, subiri dakika mbili, kisha ingiza ncha katikati bila kugusa kuta wala kitako cha kikombe. Ikisoma kati ya 1 chini ya sifuri na 1 juu yake, kihisi ni kizima.

Maji yanayotokota yabaki kuwa kipimo cha pili, na namba unayoitafuta kwako ni 94.

Fundi wa Ipogolo

Mwalimu amemaliza hapo, mimi nichukue hiyo HHH.

Kihisi cha aina yako kina sehemu tatu: ncha, shingo na waya. Ndani ya ncha, katika sentimita moja ya mwisho, kuna kipande kidogo kama punje ya mtama ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinachouzuia umeme usipite, hushuka kadiri joto linavyopanda. Shingo ni pale bomba la chuma linapokutana na waya uliosukwa kwa nyuzi za chuma, na hapo hakuna kitu kilichozibwa kwa uhakika, ni chuma kilichobanwa tu. Waya uliosukwa nao hauzuii maji hata kidogo. Unayavuta kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Ulipoloweka usiku kucha, maji yaliingia kwenye msuko, yakatembea hadi shingoni, yakaingia ndani. Maji hayo yanaunganisha nyaya mbili ambazo hazikupaswa kugusana, ukinzani unaporomoka, na kisanduku, ambacho kinajua tu kwamba ukinzani mdogo maana yake ni joto kubwa, kinaamini nyama yako inaungua na kuandika HHH. Kama waya ungekuwa umekatika, kisanduku kingeona kinyume chake, ukinzani mkubwa usio na mwisho, na visanduku vingi katika hali hiyo huandika LLL au vistari vitupu. Kwa hiyo HHH iliyokuja baada ya kuosha karibu daima ni maji.

Kuna nafasi ya kukifufua. Kifute, kisha kiweke mahali penye joto kavu la digrii 120 hivi kwa saa moja, ncha na shingo vikiwa ndani na plagi yake ya plastiki ikiwa nje. Oveni ya jikoni inafaa. Jiko lako la pipa pia linafaa endapo utatumia mkaa ulioshika vizuri, bila kipande cha kuni, ili usikirudishie moshi. Kiache kipoe taratibu, kisha kijaribu. Watu husema kifukiwe kwenye mchele. Mchele hauna nguvu ya kuyatoa maji yaliyo ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo usiupoteze.

Ukitaka kuhakikisha bila kubahatisha, tafuta mtu mwenye multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme. Weka kwenye ukinzani, shika ncha mbili za plagi, halafu bana ncha ya kihisi kwa vidole. Namba lazima ishuke polepole bila kurukaruka, kwa kuwa vidole vyako vina joto kuliko hewa. Ukikitia kwenye kikombe cha barafu, lazima ipande. Kisha pindapinda waya kidogo pale shingoni huku ukitazama: namba ikiruka, nyaya za ndani zimeanza kukatika na hakuna dawa. Kama una vihisi viwili vya aina moja, vitie vyote katika kikombe kimoja, vinapaswa kutoa namba zinazokaribiana sana.

Neno kuhusu kununua kingine, kwa sababu nimeona wengi wakipoteza fedha. Plagi kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba kihisi kinapatana na kisanduku. Kuna vihisi vya punje kama chako, kuna vya platinamu vinavyotumiwa sana kwenye majiko ya vidonge vya mbao, ambavyo vile vya PT1000 vina ukinzani wa omu 1,000 kwenye digrii 0 na kupanda hadi omu 1,385 kwenye digrii 100, na kuna vya nyaya mbili za metali tofauti, aina ya K, ambavyo havitegemei ukinzani bali huzalisha umeme mdogo sana. Hata vya punje vyenyewe hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ukichomeka kisicho chake utapata namba, na namba hiyo itakuwa ya uongo, jambo ambalo ni baya kuliko kukosa namba kabisa.

Mama Soseji wa Njombe

Mwanangu wa Uyole, pole kwa kurudishiwa mzigo. Mimi natengeneza soseji na nyama ya nguruwe ya moshi, na gamba hilo nalijua vizuri.

Gamba si masizi ya kawaida. Masizi makavu yanafutika kwa kitambaa. Hiyo ni lami ya moshi, inayotokana na kuni kuungua bila hewa ya kutosha au kuni zenye utomvu, na inaganda kwenye kila kitu ambacho ni baridi kuliko moshi wenyewe. Kwa hiyo kabla sijakuambia namna ya kuitoa, niambie unachoma kuni gani. Kama ni mabaki ya mbao za paini kutoka kwa maseremala, hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu paini ina utomvu mwingi, inatoa moshi mzito mweusi, na nyama inakuwa chungu. Milingoti nayo siipendi kwa nyama, inaacha harufu ya dawa. Mimi natumia mkaa wa miwati kwa joto, na kwa moshi naweka vipande vichache vya mparachichi au mpera vilivyokaushwa kivulini miezi sita. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya samawati. Ukiona mweupe mzito kama wa kuni mbichi, jua kihisi chako na nyama yako vinapakwa lami kwa pamoja.

Sasa kusafisha. Kihisi cha nyama ninakisafisha kila ninapokitoa, kikiwa bado cha uvuguvugu, kwa sababu mafuta yakipoa yanaganda na protini ya nyama inashika kwenye chuma kama gundi. Nashika shingo kwa vidole vya mkono wa kushoto, na vidole hivyo ndivyo mpaka wangu: chochote kilicho mbele ya vidole kinaruhusiwa kuguswa na maji, chochote kilicho nyuma hakiruhusiwi. Ninaelekeza ncha chini, ili tone likitembea lianguke kwenye beseni badala ya kurudi shingoni. Kitambaa kilicholowa maji ya moto na sabuni na kukamuliwa, navuta kutoka shingoni kwenda kwenye ncha, mara tatu au nne, kisha kitambaa cha maji safi, kisha kikavu, na mwisho pamba yenye spiriti. Spiriti ninaipaka pia kila kihisi kinapotoka kwenye nyama mbichi kuingia kwenye nyama iliyoiva, jambo ambalo watu wengi husahau: huwezi kupima kuku mbichi, halafu ukachomeka sindano ileile ndani ya kuku aliyeiva, ukasema umetunza usafi.

Kihisi cha jiko hakiguswi na nyama, lakini ndicho kinachopata lami. Hiki nakisafisha kila baada ya mara nne au tano za kubanika, kabla gamba halijakomaa. Chukua magadi yale ya kupikia maharage, yasage yawe unga, changanya na maji machache hadi iwe uji mzito, paka sehemu ya chuma peke yake na uviringishie kitambaa kwa dakika ishirini. Uji mzito hautiririki kwenda shingoni, na ndiyo maana nautumia badala ya kuloweka. Ukifungua utaona kitambaa kimekuwa cha kahawia kama chai ya rangi. Sugua kwa dodoki la kijani la kuoshea vyombo, si kwa stiliwaya, kwa sababu stiliwaya inakwaruza chuma na lami ya safari ijayo inapata mahali pa kushika. Tena vipande vyake vidogo vinavyokatika hubaki na kutu, na kutu hiyo inaingia kwenye chakula. Gamba la zamani kama lako halitatoka kwa mara moja. Rudia kesho. Usilikwangue kwa kisu.

Tena, usikiache kihisi ndani ya pipa usiku. Huku kwetu mwezi wa Juni na wa Julai ukifungua mfuniko asubuhi unakuta matone ya maji ya kahawia yananing'inia kwa ndani, na yanadondokea hapohapo kwenye wavu. Siku moja nilikuta tone limesimama juu ya shingo ya kihisi changu, na siku hiyo kilisoma 180 jiko likiwa halijawashwa.

Kijana wa Mbalizi

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa. Mimi sina kisanduku cha feni, nina kipimajoto cha mshale kwenye mfuniko na kimoja cha sindano cha mkononi. Lami ninaiondoa kwa kuweka sindano juu ya mkaa unaowaka mpaka gamba liungue na kuwa jivu, kisha nafuta. Inatoka safi kabisa na haina haja ya magadi. Je, kuna ubaya?

Fundi wa Ipogolo

Marahaba. Ubaya upo, na ni mkubwa. Mkaa unaopulizwa unaweza kuvuka digrii 700. Vihisi vingi vya kubanikia vimeandikwa mwisho wa joto lake, na kwa nyaya zilizosukwa mwisho huo huwa kati ya digrii 250 na 380 kutegemea kihami kilichofunika nyaya kwa ndani. Ukivuka hapo, kihami kinapasuka, punje inabadilika tabia, na mara nyingi hakifi papo hapo: kinaendelea kutoa namba iliyohama digrii 5 au 10, na wewe hutajua mpaka siku utakayokipima. Kile cha mkononi kipime kwa barafu leo hii, kabla hujapikia mtu mwingine.

Kipimajoto cha mshale hakina umeme, kina utepe wa metali mbili uliosokotwa ambao hujikunjua kwa joto. Vingi vina nati nyuma ya uso wake: shika nati kwa spana, kiwe kwenye maji yanayotokota, uzungushe uso mpaka mshale usimame penye namba ya kwenu, ambayo kwa Mbalizi itakuwa 94 au 95. Hata kikiwa sahihi, ujue kwamba kinapima joto la mfunikoni, nalo hutofautiana sana na joto la penye nyama.

Mwalimu wa Fizikia, Tukuyu

Niongeze kidogo juu ya uzito wa kihisi cha jiko, kwa kuwa mwuliza swali alieleza vizuri sana alichokiona. Gamba la lami ni kama blanketi. Jiko likitulia muda mrefu kwenye joto moja, kihisi chenye gamba hatimaye kitafika karibu na namba ya kweli. Tatizo ni kwamba kinachelewa kufika, na kisanduku kinachoendesha feni hakiamui kwa joto la sasa bali kwa habari iliyochelewa. Kinapuliza wakati ambapo kingepaswa kuwa kimenyamaza, halafu kinanyamaza muda mrefu mno. Ndiyo maana joto lako lilipanda hadi 130 kisha, nina hakika, likashuka chini ya 100 baadaye.

Kuna la pili ambalo halionekani kwa haraka. Chuma kinachong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho unaotoka kwenye makaa, na chuma cheusi huumeza. Kwa hiyo kihisi cheusi kinachoyatazama makaa moja kwa moja kitasoma zaidi ya joto la hewa inayopika nyama. Kiweke penye usawa wa wavu, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye nyama, kwa sababu nyama baridi imezungukwa na hewa baridi, mbali na ukuta wa pipa, na kama unaweza, bati dogo likikikinga na makaa.

Mbanikaji wa Uyole

Ndugu zangu, mama, mwalimu na fundi, nashukuru kutoka moyoni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Mama, umenigundua. Nilikuwa nawashia kwa mabaki ya paini kutoka kwa seremala jirani, kwa kuwa yanapatikana bure. Nimeacha. Gamba lilinichukua siku tatu za magadi. Siku ya kwanza lilitoka ukungu tu, siku ya tatu likaanza kumenyuka vipande kama ganda la yai, na chini yake chuma ni kizima. Nilifuta digrii 6 kwenye mipangilio, nikaponda barafu, nikakorogea kwenye kikombe cha bati. Kihisi cha jiko kilisoma 0.4. Kwenye maji yanayotokota kilisoma 94 tena, na safari hii nilifurahi kuiona. Nilijaribu jiko tupu, nikaweka 110, likacheza kati ya 106 na 114 kwa saa mbili bila kuvuka.

Kile chenye HHH nilikikausha kwenye oveni ya jirani saa nzima kama fundi alivyoelekeza. Kilifufuka, kikasoma 22 sebuleni. Lakini kwenye barafu kilisoma 3, na nilipokipasha hadi 80 kikarudi HHH. Nimeona nisikiamini tena. Nimenunua kingine cha mtengenezaji yuleyule, kinakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Nina swali la mwisho. Waya wa kihisi cha jiko ninaupitisha kwenye ukingo wa mfuniko, na nimeona nyuzi za msuko zimeanza kukatika pale mfuniko unapobana. Je, nizungushie utepe wa umeme?

Fundi wa Ipogolo

Usizungushie, utepe utayeyuka, utanuka, na moshi wake utaingia kwenye nyama. Mwambie fundi wako atoboe tundu ubavuni, juu kidogo ya wavu, achomelee kipande kifupi cha bomba la nusu inchi kwa nje, asage ncha zake mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, na waya upite humo ukiwa umelegea. Ukimaliza kazi, ukunje waya kwa mduara mpana kama sahani ya chakula. Usiuzungushe kwenye kisanduku wala kuupinda pale shingoni. Plagi nayo ifute kwa pamba yenye spiriti mara moja kwa mwezi, kwa kuwa mafuta ya vidole na moshi huijengea utando, na utando huo hufanya namba irukeruke kana kwamba waya umekatika.

Kile ulichokausha usikiache kwenye droo pamoja na vizima. Kikate waya leo, ili kesho mtu mwingine nyumbani asije akakichomeka akidhani ni cha akiba.

Mama Soseji wa Njombe

Umefanya vema kutokiamini, mwanangu. Kihisi kipya kikifika, kabla hakijagusa nyama kitie kwenye barafu, kisha kwenye maji yanayotokota, uandike namba zote mbili na tarehe kwenye kipande cha plasta na kukifunga karibu na plagi. Changu kimeandikwa 0 na 93, na kila mwanzo wa mwezi napima tena na kulinganisha na hiyo plasta.

Mteja wa kuku mpelekee mapaja mengine, na umpimie mbele ya macho yake.